Kuacha Jibini: Mwili Unapungukiwa na Nini?

Mwaka 1944, nchini Uingereza, Donald Watson na wenzake waliunda chama cha watu wasiokula chochote kitokanacho na wanyama, yakiwamo maziwa. Wengi wafuatao ulaji huo husema kwamba jibini ndilo gumu kuliacha. Sababu yake yaeleweka. Jibini hupatikana kwa kugandisha maziwa na kuyaondolea maji: lita zipatazo 10 hutoa kilo 1 tu ya jibini gumu. Hivyo mafuta na protini hukusanyika katika kipande kidogo, chumvi ikaongezwa, na ulimi ukavizoea.

Mwenye kuliacha atapata protini katika maharage, choroko na karanga. Madini ya kalisi yamo katika sukuma wiki. Mchicha nao unayo kwa wingi, lakini asidi ya oksaliki iliyomo huyazuia yasifyonzwe vizuri.

Jambo la hatari ni vitamini B12. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria, na mimea haina kiasi cha kutegemewa. Ini huweka akiba iwezayo kutosha miaka kadhaa, ndiyo maana madhara huchelewa kuonekana. Tena folati, iliyo nyingi katika mboga za majani, yaweza kuificha dalili ya upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.

Kwa hiyo vidonge vya B12, au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, vianze kutumiwa mapema, hasa na mama mjamzito au anyonyeshaye. Anayesubiri ganzi ya miguu huenda amechelewa.