Mgeni Anayelipa Kodi: Kuishi na Familia Ufaransa

Familia ya Kifaransa inayompokea mwanafunzi wa kigeni hulipwa. Tuanze hapo, maana wazazi wengi wa kwetu wakiambiwa mtoto "atakaa na familia" huko Ufaransa, papo hapo humwona mama wa hiari, mtu wa kumfungulia mlango usiku wa manane na kumwekea chakula kwenye hotipoti. Sivyo. Chuo cha lugha kina orodha ya kaya zilizokubali kupokea wanafunzi. Kila kaya ina chumba cha ziada, mara nyingi cha mtoto aliyekwisha kuondoka nyumbani, na mwanafunzi hulipia chumba hicho pamoja na kifungua kinywa na chakula cha usiku. Mchana anajitegemea. Kufua kuna siku yake.

Wapo wanaosikia hayo wakasema: basi hiyo ni gesti. Nalo si kweli. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; Mfaransa humpa mgeni wake jembe siku ya kwanza, na masharti ya nyumba juu yake. Lakini gesti hakuna anayekungoja ule. Hapa unangojwa. Pesa yako, ukiitazama vizuri, imenunua kiti mezani zaidi kuliko ilivyonunua kitanda.

Mji ninaoujua zaidi kwa jambo hili ni Besançon, mashariki mwa nchi, karibu na mpaka wa Uswisi, kama saa mbili na nusu kwa treni ya kasi kutoka Paris. Mto Doubs umeuzunguka mji mkongwe karibu pande zote, na pale palipobaki wazi ndipo mhandisi wa kijeshi Vauban alipojenga ngome yake kilimani. Mwandishi Victor Hugo alizaliwa hapa mwaka 1802. Kwa wageni wanaokuja kusoma, hata hivyo, Besançon ni kituo cha lugha cha chuo kikuu, CLA, kinachofundisha Kifaransa tangu mwaka 1958. Vichy nako kuna kituo cha aina hiyo, CAVILAM, kilichoanza 1964. Vijana wa Nairobi na Dar wakisikia Ufaransa wanataka Paris, na siwalaumu. Ila nyumba za Paris ni finyu na watu wake wana haraka. Anayetaka lugha iingie mwilini ni heri aende mikoani, ambako mwuza mkate atamjua kwa sura baada ya wiki mbili na kumsahihisha bila kuombwa.

Chakula cha usiku huanza kwenye saa moja na nusu au saa mbili. Kwanza huja kitu chepesi, karoti zilizokunwa au supu, kisha chakula chenyewe, kisha saladi, kisha jibini, na kitamutamu mwisho. Jibini la huku ni Comté, la maziwa mabichi ya ng'ombe wa milima ya Jura. Gurudumu moja lina kilo kama 40, na haliuzwi kabla ya kukaa ghalani miezi minne. Ukipewa nafasi ya kujikatia, usichukue sehemu laini ya katikati ukawaachia wenzako ganda. Mkate huwekwa juu ya kitambaa cha meza, kando ya sahani, na mikono yote miwili ionekane. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Kifaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na anayekaa mezani saa nzima siku ya kazi ataelewa kwamba kilichoorodheshwa si mapishi peke yake.

Hapo ndipo vijana wetu wanapokwama, na kinachowakwamisha ni malezi mema. Mtoto wa Tanga au Mombasa amefundwa kwamba wakubwa wakizungumza yeye hunyamaza, na akiulizwa hujibu kwa ufupi. Mezani kwa Mfaransa adabu hiyo husomwa kinyume. Kijana anayenyamaza huonekana amenuna, au anaumwa, au chakula hakikumpendeza. Naye kijana, akiwasikia watu wazima wanabishana kwa sauti juu ya siasa huku wakipakuliana saladi, hudhani ameingia kwenye ugomvi wa familia, na huomba ruhusa mapema akaenda chumbani na simu yake. Wiki ya pili wenyeji wameshakata tamaa. Wanamlisha vizuri, wanamuaga vizuri, na Kifaransa chake kinabaki kile alichotoka nacho nyumbani.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2023 nilialikwa chakula katika nyumba moja ya aina hiyo. Serikali ilikuwa inapandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 62 hadi 64, na nchi ilikuwa kwenye migomo. Mwenyeji, mwalimu mstaafu, alikuwa anachuana na mkwewe. Binti wa Kitanzania aliyepanga pale, aliyemwita mwenyeji wake Madame tangu siku ya kwanza, alikuwa ameinamia kipande chake cha jibini kana kwamba kina maandishi.

"Kwenu watu wanastaafu wakiwa na miaka mingapi?" mwenyeji akamgeukia.

"Sitini, Madame."

"Na wanaonaje?"

"Ni sawa tu."

"Sawa kwa nani?"

Mezani wakacheka, binti naye akacheka, kisha akaweka kisu chini. Akasema kwao hakuna anayegombania umri. Kinachogombaniwa ni mafao. Akaeleza habari za baba yake mdogo, aliyestaafu akazungushwa na karatasi mpaka akarudi shamba. Sarufi ilivunjika njiani mara kadhaa na hakuna aliyejali. Mkwe aliuliza maswali, mwenyeji akataka kujua shamba lenyewe linalima nini, na lilipoletwa tufaha la kuokwa binti yule alikuwa anabishana na mkwe kama mtu wa nyumba ile. Nadhani jioni hiyo ilimfaa kuliko mwezi mzima wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Mengine ya nyumbani ni mepesi zaidi, ingawa ndiyo yanayolalamikiwa sana kwenye simu za kuomba pole. Milango ya vyumba hufungwa, na kufungwa kwake hakuna maana kwamba mtu amekasirika. Friji haifunguliwi bila kusema. Kuoga ni kwa haraka, kwa sababu maji ya moto yana bili. Wakati wa baridi nyumba hupashwa joto la nyuzi 19 hivi, hasa tangu bei za nishati zilipopaa mwaka 2022; ukisikia baridi utaambiwa uvae sweta, na anayekuambia amevaa mbili. Choo mara nyingi kiko peke yake, mbali na bafu, na ndani yake hamna hata bomba. Beba kopo lako. Hakuna fomu ya chuo itakayokukumbusha hilo.

Lakini kama huli nguruwe, fomu hiyo iseme. Soseji ya Morteau ni fahari ya mkoa na itakujia wiki ya kwanza usiposema mapema. Ukisema, mwenyeji atapika kuku bila kinyongo. Ramadhani ikiangukia Februari na Machi, kama miaka hii, jua huzama kabla ya saa ya chakula, kwa hiyo mfungaji anafuturu tende zake chumbani na bado anawahi meza. Na kuhusu hijabu: sheria ya mwaka 2004 inayokataza alama za dini zinazoonekana wazi inahusu wanafunzi wa shule za umma mpaka sekondari. Wanafunzi wa vyuo vikuu haiwahusu. Anayepeleka binti wa sekondari na anayepeleka binti wa chuo wana habari mbili tofauti.

Kuna aina nyingine ya kupanga ambayo kwetu haijulikani sana, nami naiona ya busara kuliko zote. Agosti 2003 joto kali liliua watu karibu 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee, na wengi walikuwa wanaishi peke yao huku watoto wao wakiwa likizo. Taifa lilipata aibu. Mwaka uliofuata vikaanza vyama vya kuwakutanisha wazee wenye vyumba vitupu na wanafunzi wasio na pa kulala, na mwaka 2018 sheria ya nyumba ikautambua mpango huo: mpangaji awe chini ya miaka 30, mwenye nyumba awe na 60 au zaidi, malipo yawe madogo, na anayetaka kuvunja mkataba atoe notisi ya mwezi mmoja. Badala ya kodi kamili mwanafunzi anakuwepo usiku, anakula na mzee jioni kadhaa, anabeba mafuta ya kupikia kutoka dukani. Kumwogesha au kumpa dawa si kazi yake. Kijana aliyelelewa na bibi yake tayari ana nusu ya ujuzi unaotakiwa, na hii ni sehemu mojawapo ambapo malezi yetu yanampa nafasi mbele ya wenzake.

Karatasi nitazipitia kwa haraka. Ubalozi hutaka kuona uwezo wa euro 615 kwa mwezi, na wenyeji huandika barua ya kukupokea. Viza ya muda mrefu ithibitishwe mtandaoni ndani ya miezi mitatu ya kuwasili. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 964 kwa mwaka. Ada za vyuo vya umma kwa wasio wa Ulaya zilipandishwa mwaka 2019 hadi euro 2,770 kwa shahada ya kwanza na 3,770 kwa uzamili, na tangu hapo zimeongezwa kidogo. Vyuo kadhaa husamehe tofauti, basi ulizeni kabla ya kuuza kiwanja.

Na ombi kwa walioko nyumbani. Saa mbili usiku ya Besançon ni saa nne usiku ya Dar wakati wa baridi, na saa tatu wakati wa kiangazi. Huo ndio muda mama amemaliza kazi zake na anataka kumwona mwanawe kwenye WhatsApp. Mpigieni saa moja baadaye. Akipokea katikati ya saladi, mkatieni simu.