Upimaji wa Ukinzani wa Kihami katika Saketi Nyingi kwa Chaneli za Rilei: Mazingira ya Kalenga, Iringa

Kalenga, kijiji kilicho kando ya mto Ruaha Mdogo karibu na mji wa Iringa, kinajulikana zaidi kwa ngome ya Mtwa Mkwawa iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894. Kwa mpimaji wa umeme, jambo la msingi ni hali yake ya hewa. Kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Nyanda za Juu Kusini, mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu. Unyevu hushusha ukinzani wa uso wa kihami. Hivyo saketi ileile yaweza kutoa usomaji mmoja Septemba na mwingine Februari. Athari hiyo huupata pia ubao wa kupimia.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364-6 kinataka saketi ya volti 230 ipimwe kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, na ukinzani usipungue megaomu 1. Kwa kanuni ya Ohm, kikomo hicho ni sawa na mkondo mvujo wa miliampea 0.5. Katika jengo lenye saketi 16, ubao wa rilei humwondolea fundi kazi ya kuhamisha nyaya za kipimo mara 16. Hata hivyo, ubao huo huleta vyanzo vitatu vya makosa.

Chanzo cha kwanza ni chaji inayobaki katika nyaya baada ya kupimwa. Chaji hiyo huweza kumdhuru fundi na kuvuruga usomaji unaofuata. Kwa sababu hiyo, kila chaneli isiyopimwa huunganishwa na athi.

Chanzo cha pili huzaliwa na suluhisho hilo. Rilei 15 zilizo wazi sasa zinakabili volti 500 upande mmoja na athi upande wa pili. Ikiwa kila moja ina ukinzani wa megaomu 10,000, kwa pamoja, zikiwa sambamba, zina megaomu 667. Saketi yenye megaomu 1,000 itasomeka 400. Usomaji wa ubao mtupu huwezesha kusahihisha: 1/400 ukitoa 1/667 ni 1/1,000. Lakini unyevu ukishusha kila rilei hadi megaomu 1,000, ubao mtupu utasoma 66.7 na saketi 62.5. Hapo kosa la asilimia 5 tu katika usomaji wa saketi hufanya jibu liwe popote kati ya takribani megaomu 540 na 4,200. Usahihishaji wa hesabu hautoshi tena. Inafaa kutumia rilei mbili mfululizo kwa kila chaneli, na kuunganisha kiungo cha kati na ncha ya kinga ya kipimo, ili mkondo mvujo wa ubao urudi kwenye chanzo bila kupita katika ampea-mita.

Chanzo cha tatu ndicho hatari zaidi. Kosa la pili huifanya saketi nzima ionekane mbovu kuliko ilivyo. Hili huifanya saketi mbovu ionekane nzima. Rilei isipofunga, kipimo hakiifikii saketi kabisa. Kinachosomwa ni ukinzani wa ubao wenyewe, mamia ya megaomu, nao unazidi kikomo mara nyingi. Waya uliochubuka ndani ya ukuta wenye unyevu huidhinishwa, na mtumiaji hukabidhiwa hatari yenye cheti.

Kwa hiyo, usomaji mkubwa pekee si ushahidi wa usalama. Kabla ya kila mzunguko, kila chaneli ipimwe kwa kikinza kinachojulikana, kwa mfano megaomu 1, ili kuthibitisha kwamba rilei imefunga. Kisha ubao mtupu upimwe, saketi zipimwe kwa dakika moja kila moja, na halijoto pamoja na unyevu wa siku hiyo viandikwe kando ya matokeo. Bila kumbukumbu hizo, usomaji wa kiangazi na wa masika hauwezi kulinganishwa.