Somo la Redio: Nguo za Kazi kwa Fedha Kidogo

Ninyi mlioketi darasani Piyaya, na wengine po pote mlipo katika Ngorongoro na Karatu, fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni nguo za kazi: namna ya kuzitengeneza zilizochakaa, na namna ya kuongeza nyingine bila kumaliza fedha za nyumbani.

Kwa nini tujifunze jambo hili? Wengi wenu sasa mnajua kusoma na kuandika. Kesho mmoja atachaguliwa kuingia katika halmashauri ya kijiji. Mwingine ataajiriwa kuwa mlinzi, mpishi au karani. Siku hiyo ataitazama suruali yake iliyotoboka magotini, aseme, "Siwezi kwenda hivi." Mimi nimemwona mtu aliyekaa nyumbani siku ya kuitwa kazini, kwa sababu ya shati tu. Alikosa mshahara wa mwaka mzima kwa shati moja. Basi hili si jambo la urembo. Ni jambo la riziki.

Lakini kwanza sikilizeni neno moja. Mtu ye yote asikuambie kwamba shuka ni aibu. Katika miaka ya 1967 na 1968 serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache mavazi yao ya asili, wavae suruali na magauni. Kampeni ile ilipita, na shuka ingali ipo. Shuka safi ni vazi la heshima. Ila kazi nyingine zina mavazi yake, na somo hili ni kwa ajili ya kazi hizo.

Hatua ya kwanza: hesabu ulicho nacho. Toa nguo zako zote nje, mchana, penye mwanga. Zigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni nguo nzima. La pili ni nguo zenye ubovu kidogo. La tatu ni nguo zilizokwisha kabisa. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza, nilikuwa nikilalamika kwamba sina mashati. Kumbe nilikuwa nayo matatu yaliyopungukiwa vifungo tu! Fungu la tatu nalo usilitupe. Humo utapata vifungo, zipu na vitambaa vya viraka.

Hatua ya pili: tengeneza kabla ya kununua. Shati huanza kuchakaa kwenye ukosi, kwa sababu ukosi husuguana na shingo kila siku. Mwili wa shati bado una nguvu, lakini mtu hulitupa. Fundi wa cherehani anaweza kuufumua ukosi, akaugeuza, upande wa chini ukawa juu, akaushona tena. Shati litaonekana kama jipya. Suruali iliyotoboka itie kiraka kwa ndani, si kwa nje, na utumie uzi wa rangi ile ile ya kitambaa. Vifungo shona mwenyewe. Sindano moja na uzi ni akiba ya nyumba.

Mama mmoja wa darasa letu aliitwa kwenda kuulizwa maswali ya kazi ya upishi. Alikuwa na blauzi moja, na mikono yake imechanika mwishoni. Akaikata mikono ile ikawa mifupi, akakunja pindo, akaipiga pasi ya mkaa. Asubuhi alikwenda. Hakuna aliyejua. Hakutumia hata senti moja.

Hatua ya tatu: nunua kwa mpango. Wengi wetu tunanunua mitumba. Wazee waliziita nguo hizi "kafa Ulaya", kana kwamba wenyewe wamekufa huko. Sivyo. Nyingi zilitolewa na watu wa Ulaya na Marekani waliokuwa hawazitaki tena, zikachaguliwa, zikafungwa marobota, zikauzwa. Zilianza kuingia kwetu kwa wingi katika miaka ya 1980, serikali ilipolegeza masharti ya biashara.

Ufikapo mnadani usitazame rangi tu. Mimi niliwahi kununua shati zuri jioni, giza likiingia. Nyumbani nikakuta kwapa zote mbili zimechanika. Kwa hiyo nunua mchana. Inua nguo juu, uitazame kwenye mwanga wa jua. Kagua kwapa, ukosi, makalio na katikati ya miguu. Vuta mshono kwa vidole. Fungua zipu na kuifunga mara tatu. Ukiona kasoro ndogo, itaje, upunguziwe bei. Ukifika nyumbani, ifue nguo kwa sabuni na kuipiga pasi kabla ya kuivaa. Nguo za ndani nunua mpya. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku uuzaji wa nguo za ndani za mitumba, kwa ajili ya afya.

Chagua rangi zinazopatana, tena zisizoonyesha upesi vumbi la mbuga zetu: kaki, buluu nzito, kijivu. Suruali mbili na mashati matatu ya rangi hizo, kila suruali ikivaliwa na kila shati, zitatoa mavazi mangapi? Mbili mara tatu ni sita. Mama, sketi mbili na blauzi tatu ni vivyo hivyo.

Sasa tufanye hesabu nyingine. Tuseme shati moja ni shilingi 4,000, nalo linadumu miezi 4. Shati jingine ni shilingi 9,000, nalo linadumu miezi 18. Lipi ni rahisi? Nitanyamaza kidogo, mwandike.

Haya. La kwanza, 4,000 kwa 4, ni shilingi 1,000 kwa mwezi. La pili, 9,000 kwa 18, ni shilingi 500 kwa mwezi. Shati la bei kubwa ndilo rahisi! Lakini usikope fedha kwa ajili yake. Weka akiba kidogo kidogo, nunua nguo moja, kisha nyingine.

Hatua ya nne: tunza. Maji kwetu yako mbali, kwa hiyo usichafue nguo bure. Ukirudi kazini, vua nguo za kazi, zikung'ute, zitundike. Unapofua, anza na ukosi na kwapa. Anika nguo za rangi kivulini, ndani nje, maana jua hupausha rangi. Viatu vifute vumbi kila jioni.

Basi, ndugu wanafunzi, kumbukeni maneno manne: hesabu, tengeneza, nunua, tunza. Yafuateni kwa mpangilio huo huo. Anayeanza na kununua hulipa mara mbili.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini ukosi wa shati huchakaa kwanza?
2. Taja sehemu nne za kukagua katika suruali ya mtumba.
3. Sketi 3 na blauzi 4 zitatoa mavazi mangapi?
4. Viatu vya shilingi 12,000 vinadumu miezi 24. Ni shilingi ngapi kwa mwezi?
5. Nyumbani, gawa nguo zako mafungu matatu. Andika hesabu ya kila fungu, uje nayo darasani.

Kwaherini.