KUSAGA METO USIKU: TUYALINDE MENO YALIYONYOOSHWA

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo watu wa nyumbani hulisikia usiku, lakini mwenye kulifanya hana habari nalo. Ni kusaga meno usingizini. Wanaolala naye chumba kimoja husema ni kama mtu anayetafuna changarawe.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Mgololo. Binti yao alifungwa vyuma vya kunyoosha meno. Wazazi walijinyima, wakalipa gharama na nauli za safari nyingi, kwa kuwa madaktari bingwa wa kupanga meno ni wachache na wengi wako miji mikubwa, hasa Dar es Salaam. Vyuma vilipotolewa, meno yalikuwa yamepangika vizuri. Daktari akampa kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku. Baada ya miezi michache kifaa kimetoboka, na kila asubuhi binti anasema taya zinauma. Mama anadhani ni minyoo. Binti naye amekiweka kifaa kabatini kwa sababu kinamkera. Familia hii iko karibu kupoteza yote waliyoyagharamia. Wafanye nini?

KWA NINI MTU ANASAGA MENO?

Zamani wataalamu walidhani kwamba chanzo ni meno kutokutana vizuri. Siku hizi inajulikana kuwa jambo hili huanzia zaidi katika ubongo. Mtu anapolala, usingizi wake hupungua kidogo mara kwa mara bila yeye kuamka. Katika nyakati hizo misuli ya taya hukaza, na meno husagana.

Mambo yanayozidisha hali hiyo ni wasiwasi na mawazo mengi, pombe, sigara, na kahawa au chai kali wakati wa jioni. Kwa hiyo anayekunywa ulanzi kabla ya kulala asishangae taya zikimuuma asubuhi. Wapo pia wanaosaga meno kwa sababu ya baadhi ya dawa za kutibu sonona. Hao wasiache dawa wenyewe, bali wamweleze daktari. Mtu anayekoroma sana, ambaye pumzi yake hukatika usingizini na mchana anasinzia, naye aende hospitali, maana huenda ana ugonjwa wa usingizi unaohitaji matibabu yake.

Je, ni minyoo? Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa hivyo. Haijathibitishwa kwamba minyoo ndiyo chanzo. Mtoto apewe dawa ya minyoo kwa utaratibu wa kliniki na shule, lakini asirudishiwe dawa kila anaposaga meno. Watoto wengi wadogo husaga meno, na wengi wao huacha wenyewe wanapokua.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Taya kuchoka au kuuma asubuhi, au kichwa kuuma pande za panja.
2. Meno kupata ganzi kwa maji baridi, jambo ambalo watu wa Mufindi hulisikia zaidi mwezi wa Juni na Julai.
3. Ncha za meno kuwa bapa, kumeguka au kupata nyufa.
4. Kifaa cha plastiki kutoboka, au vijazio vya meno kuvunjika.

Gamba la nje la jino ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini likilika haliwezi kuota tena. Ndiyo maana hatupaswi kungoja mpaka jino liume.

KWA NINI MENO YALIYONYOOSHWA HURUDI?

Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Limeshikwa na nyuzi ndogo ndogo ndani ya mfupa. Vyuma vinapolisogeza, nyuzi hizo huvutika, na vyuma vikitolewa huwa zinataka kulirudisha jino mahali pa zamani. Mfupa nao unahitaji miezi mingi kukaza upya. Hata baadaye, meno ya binadamu huendelea kusogea kidogo kidogo kadiri umri unavyokwenda. Kwa hiyo madaktari wengi sasa wanashauri kifaa cha kushikilia kivaliwe usiku kwa muda wote ambao mtu anataka meno yake yabaki yamenyooka.

KIFAA KIMOJA KWA KAZI MBILI

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Kifaa cha kushikilia meno ni chembamba. Hakikutengenezwa kustahimili kusagwa. Kinga ya meno inayouzwa dukani kwa wanamichezo ni laini. Haiwezi kushikilia meno mahali pake. Na kinga inayofunika meno machache tu ni hatari, kwa sababu meno yasiyofunikwa yanaweza kusogea.

Mweleze daktari mambo yote mawili kwa pamoja: kwamba ulifungwa vyuma, na kwamba unasaga meno. Anaweza kuchukua kipimo cha meno na kutengeneza kinga ngumu inayofunika meno yote ya taya moja. Hiyo hupokea msuguano badala ya meno, na wakati huo huo huyashikilia. Taya ya pili nayo iangaliwe, kwani inaweza kuhitaji kifaa chake, au waya mwembamba wa kubandikwa nyuma ya meno ya mbele. Uliza gharama mapema. Tujue pia kwamba kinga huokoa meno. Haiondoi tabia yenyewe ya kusaga.

YA KUFANYA NYUMBANI

- Mchana jizoeze hivi: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umetulia. Meno hayapaswi kugusana ila wakati wa kula na kumeza.
- Taya zikiuma, weka kitambaa chenye maji ya vuguvugu, na kwa siku chache acha miwa, mahindi ya kuchoma na nyama ngumu.
- Usifungue chupa kwa meno.
- Wafanyakazi wa zamu za usiku kiwandani wajitahidi kulala chumba chenye giza na utulivu, na wasinywe chai kali karibu na saa ya kulala.
- Osha kifaa kwa maji ya baridi na mswaki laini. Maji ya moto hupinda plastiki. Kiweke ndani ya kikopo chake. Kikifungwa katika karatasi hutupwa na takataka.
- Ukikosa kukivaa siku kadhaa na ukaona kinabana, usingoje. Kama kinaingia, anza tena kukivaa usiku huo huo. Kama hakiingii, usikilazimishe. Mwone daktari mapema.

NENO KWA WENYE WATOTO WACHANGA

Tangu miaka ya 1980 imeenea imani ya "meno ya plastiki", kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ana meno mabaya ndani ya fizi yanayopaswa kung'olewa. Kinachong'olewa ni chipukizi la chonge la utotoni. Mtoto anaweza kupoteza damu, kupata maambukizi na hata kufa, na jino la ukubwani lililo chini yake laweza kuharibika au kuota upande. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi na apelekwe zahanati.

Na binti wa mfano wetu? Akitoe kifaa kabatini leo, akipeleke kwa daktari kama kilivyo, kimetoboka hivyo hivyo. Yale matundu yatamwonyesha daktari ni wapi meno yanasagana. Kama bingwa yuko mbali, aanzie kwa mtaalamu wa meno wa hospitali ya Mafinga, au hospitali za rufaa za Iringa na Mbeya, ambao watamwelekeza. Nauli ya safari moja ni ndogo kuliko kuanza upya na vyuma. Kinga ni bora kuliko tiba.