Simu Ikizimwa, Laini Iko

Ndugu wanakikundi, mkienda kumnunulia mweka hazina simu huko Kayole au Dandora, msianze na bei. Bonyezeni *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15 (simu ya laini mbili hutoa mbili). Hiyo ndiyo kipande cha simu. Mtandao huisoma, na ikiwa imefungiwa simu haipigi wala haipokei.

Ndivyo ilivyokuwa mwisho wa Septemba 2012. Tume ya Mawasiliano ya wakati huo, CCK, iliagiza kampuni zote za simu nchini zizime simu feki, zile zenye namba bandia. Zilizimika zaidi ya milioni 1. Aliyeuza alikuwa ameshakula pesa zake. Aliyeumia ni mnunuzi.

Je, pesa za kikundi kwenye M-Pesa? Hizo haziguswi. Ziko kwenye laini, si kwenye simu. Toa laini, tia kwenye simu nzima, utazikuta.

Basi linganisheni namba ya kwenye skrini na ya kwenye boksi. Zikikosana, rudisheni papo hapo. Na risiti iandikwe namba hiyo, pamoja na jina la kikundi, si la mweka hazina.