Sambusa za Purimu Katika Nyumba za Baghdad

Msomaji wa pwani, aliyezoea kuiona sambusa ikiandamana na futari ya Ramadhani, huenda akastaajabu kusikia kwamba Mayahudi wa Baghdad nao, kwa vizazi vingi, wameiandaa kwa sikukuu yao ya Purimu, ambayo huadhimishwa tarehe 14 ya mwezi wa Adari wa kalenda yao kukumbuka jinsi Malkia Esta na Mordekai walivyowaokoa watu wao na hila za waziri Hamani katika dola ya Uajemi. Wala hapana ajabu, kwani chakula hiki kilijulikana mjini humo tangu zama za makhalifa wa Bani Abbas.

Sambusak, kama waiitavyo, haina pembe tatu. Hukatwa nusu duara, na ukingo wake husokotwa kwa ncha za vidole hata ukawa kama tarizi ya kofia. Ile ya kuokwa tanurini hutiwa jibini nyeupe ya chumvi iliyovurugwa na yai. Ile ya kukaangwa hutiwa dengu zilizochemshwa, zikapondwa, zikaungwa kwa vitunguu, jira na manjano. Jibini haikutanishwi na nyama, maana sharia yao imeharimisha. Na dengu nazo zina kisa, kwa kuwa yumo katika Talmud, kitabu chao cha sharia na mafundisho, mwanachuoni asemaye kwamba Esta, akiwa katika kasri la Mfalme Ahasuero, alilishwa mbegu, asitie kinywani kilichokatazwa.

Pamoja nazo huokwa vibiskuti vya mviringo vilivyojazwa tende na kunyunyiziwa ufuta, na katika nchi iliyokirimiwa mitende kama Iraki, sijui ni kitu gani kingine kingestahili kujazwa humo.

Faradhi ya siku hiyo ni kumpelekea mwenzio walau aina mbili za chakula, na kuwapa sadaka masikini wasiopungua wawili. Ndiyo sababu mama wa nyumba hupika zaidi ya haja ya watu wake.

Mwaka 1950 na 1951 Mayahudi wapatao 120,000 waliihama Iraki, wengi wakaenda Israeli, na mapishi yao yakahama nao. Leo sambusak huuzwa katika maduka ya mikate ya huko mwaka mzima, na ni tamu. Lakini kwa rai yangu haiwi ya Purimu mpaka itiwe sahanini ipelekwe kwa jirani.