Muhuri na Mega

Nyumba mpya za Itaka na kata nyingine za Mbozi hufanana: matofali ya kuchoma, bati, vyumba vitatu au vinne, na nyaya zilizopitishwa juu ya kenchi kabla dari haijafungwa. Hapo mwenye nyumba huanza kufuatilia mita ya LUKU, na ombi lake TANESCO huambatana na fomu yenye saini na muhuri wa mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya EWURA. Sheria ya Umeme ya 2008 ndiyo iliyoweka utaratibu huo wa leseni. Lakini mara nyingi fundi wa mtaani ndiye anayefunga kila kitu, kisha muhuri unatafutwa mjini kwa mtu ambaye hata mlango wa nyumba hiyo haujui. Mpimaji wa TANESCO akija, shughuli yake kubwa ni umbali wa nguzo na mahali pa kuweka mita. Ya ndani ya kuta ameachiwa aliyegonga muhuri.

Mkandarasi aliyefika kweli huanza kwa macho, umeme ukiwa haujawashwa. Nyaya za taa ziwe za milimita za mraba 1.5, za soketi 2.5, na jiko au hita ya maji vipewe nene zaidi, kila njia na breka yake. Breka hulinda waya. Fundi anayeona breka ya ampea 10 inakata kila jioni akaweka ya 32 amehamishia moto darini. Kisha anachukua mega, kipimo kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya kuona kama zinavuja. Jibu lisipungue megaomu 1, na kwenye nyaya mpya huwa juu zaidi ya hapo. Msumari uliotoboa waya au panya aliyetafuna ganda hugunduliwa hapa, kabla ya mtu kuguswa. Anahakikisha pia kwamba swichi inakata waya wa moto, si nyutro. Zikibadilishana, taa huzimika kama kawaida huku kishikio chake kikiwa na volti 230, na mwenye kubadilisha balbu hana habari.

Ethi, njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Fundi hupigilia kipande cha nondo nyuma ya choo, anafunga waya wa kijani, kazi imekwisha. Tufanye hesabu. Tuseme ukinzani wa ardhi pale ni omu 100, na waya wa moto umegusa chuma cha pasi. Volti 230 ukigawa kwa 100 unapata ampea 2.3. Breka ya soketi ya ampea 20 haitashtuka kabisa, na pasi itabaki na umeme ikimngoja mshikaji. Ndiyo maana kwenye bodi ya breka panatakiwa RCD ya miliampea 30, inayohisi umeme ukivuja kwenda ardhini na kukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ina kitufe cha kujaribia. Ukikibonyeza isipokata, ibadilishwe. Wengi huiruka kwa sababu ya bei, hao hao walionunua vigae vya sebuleni. Na ukiwa na kamba ya waya ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye bati, ifungue leo: bati likiguswa na waya uliochubuka, shuka mbichi zitakupa jibu.

Kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili ipo UMETA, yaani Umeme Tayari, kifaa kinachosambazwa kupitia miradi ya umeme vijijini kikiwa na soketi na kinga zake ndani. Naipenda kwa sababu haimwachii fundi nafasi ya kubahatisha, mradi mwenyewe asianze kuvuta nyaya zake kwenda jikoni.

Unapomlipa mkandarasi, muombe aandike namba: megaomu ngapi, omu ngapi za ethi, RCD imekata au haikukata. Asiye na mega hana cha kuandika, utamjua papo hapo. Ukichagua siku ya kupima ethi, usichague masika. Udongo uliolowa hupitisha umeme vizuri, na ethi mbovu inaweza kufaulu Februari. Pima Septemba au Oktoba, kabla mvua za Mbozi hazijaanza, ukinzani ukiwa umefika juu kabisa.